Umeme wa Saa Moja Jioni: Gesi, Maji na Hewa Ukaa kwa Macho ya Iringa

Kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi kama saa nne usiku, mji wa Iringa hutumia umeme kuliko wakati mwingine wowote wa siku. Taa za Kihesa, Mwangata na Ipogolo huwaka karibu kwa pamoja. Vinyozi wana wateja, televisheni ziko kwenye taarifa ya habari, watu wanapiga pasi nguo za kesho, na ifikapo Juni na Julai, baridi inapobana, hita za maji ya kuogea hazipumziki. Saa hizohizo Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na Mbeya nazo zinafanya vivyo hivyo. Hicho ndicho kilele cha matumizi. Umeme ulio kwenye nyaya haungoji mtu: unaotumika sasa hivi lazima uwe unazalishwa sasa hivi. Kwa hiyo kila nchi inahitaji mitambo ya aina mbili, ile inayozunguka usiku na mchana, na ile inayoitwa kazini kwa saa chache na kuzimwa tena.

Duniani kote kazi hiyo ya saa chache imepewa zaidi mitambo ya gesi asilia. Hapa Tanzania mambo hayakwenda hivyo. Gesi yetu iliingia kwenye gridi kama msaidizi wa maji, ikageuka kuwa mhimili, na sasa, baada ya Bwawa la Julius Nyerere kukamilika, inatakiwa kurudi kwenye usaidizi. Mabadiliko hayo ni habari njema kwa mazingira, ila yana masharti, na masharti yenyewe hayaeleweki mpaka mtu ajue mtambo wa gesi unafanya nini unapowashwa kwa haraka.

Iringa haina mtambo wa gesi hata mmoja, lakini ni mahali pazuri pa kulitazamia jambo hili. Bwawa la Mtera, lenye megawati 80, liko mpakani mwa Iringa na Dodoma. Kihansi, megawati 180, iko mpakani mwa Iringa na Morogoro. Maji yakishapita Mtera hushuka na Ruaha Mkuu hadi Kidatu, megawati 204. Kituo cha kupoza umeme cha Tagamenda ndicho chanzo cha njia ya msongo wa kilovoti 400 inayopita Dodoma na Singida hadi Shinyanga, kilomita 670. Na gesi inayochomwa Ubungo na Kinyerezi, mvua zikikosekana, huja huku ikiwa umeme kwa njia ya Morogoro na Kidatu, kisha husonga mbele hadi Mufindi na Mbeya. Anayewasha taa Iringa jioni anatumia maji ya Ruaha au gesi ya Songo Songo na Mtwara, kutegemea mwaka na saa.

Tuanze na mtambo wenyewe. Tabaini ya gesi ni mashine yenye sehemu tatu kwenye mhimili mmoja. Mbele kuna kompresa inayonyonya hewa na kuibana mara 15 hadi 30. Katikati kuna chumba cha kuchomea, ambako gesi huingizwa na kuwashwa, joto likapanda hadi kupita nyuzi 1,200 za Selsiasi. Nyuma kuna mapanga yanayosukumwa na hewa hiyo ya moto. Nusu ya nguvu inayozalishwa na mapanga hayo, na mara nyingi zaidi ya nusu, inarudi mbele kuendesha kompresa, na kinachobaki ndicho kinachozungusha jenereta. Hewa iliyotumika hutoka kwenye bomba la moshi ikiwa bado na nyuzi 450 hadi 550. Joto lote hilo linapotea angani, na hapo ndipo udhaifu wa mtambo huu ulipo: kati ya nishati yote iliyomo kwenye gesi, asilimia 35 hadi 40 tu ndiyo inayofika kwenye waya.

Faida yake ni wepesi. Kituo cha udhibiti wa gridi kikihitaji umeme wa jioni, mota huzungusha mhimili kwanza, hewa safi ikapitishwa ili kufukuza gesi yoyote iliyobaki ndani, kisha mwako huwashwa. Mashine huongeza kasi, jenereta hulinganishwa na gridi hadi masafa yake yafikie mizunguko 50 kwa sekunde na mawimbi yake yaende sambamba na ya gridi, na hapo swichi hufungwa. Kwa tabaini ndogo zilizozaliwa na teknolojia ya injini za ndege, shughuli yote kutoka mashine baridi hadi mzigo kamili huchukua kama dakika 10. Injini kubwa za pistoni zinazotumia gesi, kama za Wärtsilä zilizofungwa Ubungo mwaka 2008 na Tegeta mwaka 2009, zinaweza kufanya hivyo kwa muda mfupi zaidi, na ufanisi wake hukaribia asilimia 45.

Aina ya tatu ni ya mzunguko pacha, na mfano wake hapa nchini ni Kinyerezi II, megawati 240, iliyozinduliwa mwaka 2018. Pale joto la moshi wa tabaini za gesi halitupwi. Linachemsha maji, na mvuke unazungusha tabaini nyingine, hivyo ufanisi hufika karibu asilimia 50 au zaidi. Ila boila na tabaini ya mvuke hazipendi kukurupushwa, kwani vyuma vinene vikipashwa joto haraka hupata nyufa. Kutoka baridi, mtambo wa namna hii unahitaji saa kadhaa. Ukiulazimisha kuwaka saa kumi na mbili na kuzima saa nne kila siku, unauzeesha kabla ya wakati na unaukosesha ule ufanisi uliokufanya uununue.

Sasa hewa ukaa. Gesi asilia ikichomwa hutoa takriban kilo 56 za kaboni dioksidi kwa kila gigajuli ya joto, na kiasi hicho hakibadiliki, mtambo uwe mpya au wa zamani. Kinachobadilika ni uniti ngapi unazipata. Kwa ufanisi wa asilimia 35, kila uniti moja hutoa gramu 575 hivi. Injini ya asilimia 45 hutoa 450, na mzunguko pacha wa asilimia 50 hutoa 400. Dizeli hukaribia 700, na makaa ya mawe, kama yale ya Kiwira ambayo kila baada ya miaka michache hutajwa kuwa suluhisho la umeme wa nyanda za juu, huvuka 900. Tufanye hesabu ya mtambo wa injini wa megawati 45 unaofanya kazi saa nne kila jioni mwaka mzima. Unazalisha megawati-saa 65,700 na kutoa kama tani 30,000 za hewa ukaa. Mtambo huohuo ukiachwa uzunguke saa 24 utatoa mara sita ya hapo. Kwa hiyo anayeuliza kama gesi ni chafu au safi hajauliza swali lenye jibu. Aulize inachomwa saa ngapi kwa siku, na badala ya nini.

Hesabu hizo lakini ni za mashine iliyokwisha kutulia. Anayepanda mlima Kitonga nyuma ya lori lililojaa mzigo anajua lori hilohilo likifika tambarare ya Ilula halitoi moshi uleule. Mtambo wa gesi nao una Kitonga yake, na ni pale unapowashwa na unapoendeshwa kwa mzigo mdogo. Tabaini za kisasa hupunguza oksidi za naitrojeni kwa kuchanganya gesi na hewa nyingi kabla ya kuwasha, ili moto usiwe mkali mno. Moto wa namna hiyo hautulii mzigo ukiwa mdogo. Kwa hiyo wakati wa kuwasha mashine hutumia moto mwingine, mkali na usio na mchanganyiko mzuri, na hapo oksidi za naitrojeni na kaboni monoksidi hupanda mara nyingi kuliko kawaida. Miongozo ya Benki ya Dunia inazitaka tabaini za gesi kubwa zisizidishe chembe 25 za oksidi za naitrojeni kwa milioni. Mtambo unaweza kuheshimu kiwango hicho siku nzima, na bado dakika zake za kuwaka zikawa na uchafu usiolingana na uchache wake.

Wanaobeba uchafu huo ni majirani wa mtambo. Oksidi za naitrojeni hukera mapafu, na zikipigwa na jua pamoja na moshi wa magari huzalisha ozoni ya chini, ambayo ni mbaya kwa wenye pumu. Kinyerezi, Ubungo na Tegeta zote ni sehemu wanazoishi watu wengi. Ni haki kusema pia kwamba gesi hutoa salfa kidogo mno na masizi kidogo, na ukilinganisha na mafuta mazito yaliyokuwa yakichomwa kwenye mtambo wa IPTL kule Tegeta, tofauti ni kubwa.

Kuna uchafuzi mwingine usiotajwa sana. Injini za pistoni huacha sehemu ndogo ya gesi ipite bila kuungua. Gesi hiyo ni methani, ambayo kwa kipindi cha miaka 20 hupasha joto dunia zaidi ya mara 80 kuliko uzito uleule wa kaboni dioksidi. Ikitoroka asilimia 2 au 3, sifa yote ya ufanisi wa injini juu ya tabaini hupotea. Valvu na viungio vya bomba kutoka Mtwara na Songo Songo navyo vinastahili kupimwa kwa jicho hilohilo.

Tulifikaje mahali ambapo gesi ilibeba gridi? Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, lakini ilianza kuzalisha umeme mwaka 2004, kampuni ya Songas ilipoanza kuitumia Ubungo. Miaka miwili baadaye ukame ulishusha mabwawa, mgao ukatanda nchi nzima, na serikali ikaingia mkataba wa dharura wa megawati 100 na kampuni ya Richmond. Sakata la mkataba ule lilimfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu Februari 2008. Funzo la kiufundi lililofunikwa na siasa ni kwamba mtambo wa dharura unaofungwa kwa pupa huishia kufanya kazi ya mtambo wa kudumu kwa bei ya dharura. Oktoba 2015 hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba TANESCO ilizima mitambo yake yote ya maji. Bomba kubwa la gesi kutoka Mtwara lilikuwa limeanza kazi mwaka huohuo, na Kinyerezi I yenye megawati 150 ikazinduliwa. Tangu hapo gesi haikuwa tena msaidizi tu. Ilikuwa inazunguka asubuhi, mchana na usiku.

Kisha likaja Bwawa la Nyerere: mashine tisa za megawati 235, jumla megawati 2,115. Ya kwanza iliingia kwenye gridi Februari 2024. Machi mwaka huo, mvua zikiwa nyingi, TANESCO ilitangaza kuzima vituo vitano vya maji kwa sababu umeme ulizidi mahitaji. Mkataba wa Songas ukafikia ukomo Oktoba. Wengi walidhani hadithi ya gesi imeisha. Haijaisha, na sababu kubwa ni ukubwa wa hizo mashine mpya. Mashine moja ya megawati 235 ikichomoka ghafla, gridi inapoteza zaidi ya sehemu ya kumi ya mahitaji ya nchi nzima kwa sekunde moja. Masafa hushuka, na kama hakuna mtambo mwingine ulio tayari kuongeza nguvu papo hapo, vituo vingine hujitoa ili kujilinda, na nchi inaingia gizani. Ndiyo maana mitambo kadhaa lazima ikae ikizunguka kwa mzigo mdogo, ikingoja. Ikiwa anayengoja ni mtambo wa gesi, unangoja huku ukichoma gesi, tena katika hali ileile ya Kitonga. Kwa maoni yangu, hapa ndipo hewa ukaa nyingi ya bure itakapojificha miaka ijayo, kwa sababu kwenye ripoti za mwaka itaonekana kama uniti chache tu zilizozalishwa.

Wapo wanaouliza kwa nini mtambo wa jioni usijengwe huku juu, karibu na Mbeya ambako njia ya umeme ni ndefu na volteji imekuwa ikilegea. Hoja yao ina msingi. Kenya iliwahi kuhamisha tabaini zake za megawati 60 kutoka Embakasi, Nairobi, hadi Muhoroni ili kuishikilia volteji ya magharibi, ingawa zinachoma mafuta ghali. Rais Samia naye, alipoeleza Machi 2025 mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya kanda ya kaskazini, alitaja upotevu wa umeme unaosafirishwa masafa marefu. Lakini kwa Iringa majibu ya fizikia ni makali. Bomba la gesi halifiki huku. Mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na tabaini hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Baridi yetu hurudisha sehemu tu ya hasara hiyo. Njia ya msongo wa kilovoti 400 kutoka Iringa kwenda Mbeya, Tunduma na Sumbawanga, inayolenga kutuunganisha na Zambia, itaitibu volteji vizuri kuliko tabaini iliyopandishwa mlimani.

Na Iringa tayari inao mtambo wa jioni ulio bora kuliko gesi. Ni Mtera. Mashine ya maji huongeza nguvu kwa muda wa dakika moja au mbili, hushuka vilevile, na haina moshi wa kuwaka. Maji yaliyobaki bwawani ndiyo akiba. Zaidi ya hapo, maji ya Mtera hufanya kazi mara mbili, yakishuka takriban mita 100 pale na mita 175 Kidatu. Kwa hesabu ya haraka, mita za ujazo moja na nusu, yaani ndoo 75 za lita 20, zinatoa uniti moja kwenye vituo hivyo viwili, na kuokoa zaidi ya nusu kilo ya hewa ukaa ambayo tabaini ya kawaida ya gesi ingeitoa jioni ileile.

Anayepita barabara ya Iringa kwenda Dodoma hupita juu ya ukuta wa bwawa hilo. Likijaa, usawa wa maji ni mita 698.5 juu ya bahari. Likishuka hadi 690, mitambo inatakiwa kuzimwa. Nishati yote ya bwawa hilo la ukanda wa Migoli imo ndani ya mita nane na nusu hizo. Miaka ya ukame wavuvi huvuta mitumbwi mbali kwenye tope ili kuyafikia maji, na miaka hiyo ndiyo gesi hukoma kuwa ya jioni.

Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka sehemu ya kiangazi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, maji ya Usangu yakiishia mashambani kabla ya kuvuka mbuga. Ruaha Ndogo, unaopita hapa Ipogolo, umekuwa mchangiaji muhimu wa Mtera miezi ya kiangazi, nao unabanwa na vinyungu, yaani bustani za mabondeni, na mashamba ya umwagiliaji kwenye vyanzo vyake. Sisemi vinyungu vifutwe. Familia nyingi za huku zinasomesha watoto kwa mboga na mahindi mabichi ya vinyungu, na anayewafukuza bila kuwapa namna nyingine atakuwa amehamisha tatizo tu. Nasema mifereji ipimwe, vibali vya maji viheshimiwe na wakubwa kabla ya wadogo, na bodi ya maji ya bonde la Rufiji ipewe uwezo wa kuhesabu maji jinsi TANESCO inavyohesabu uniti.

Kilele chenyewe kinapanda. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania waachane na kuni na mkaa wa kawaida ifikapo 2034. Sehemu ya hao watapikia umeme, na chakula cha jioni hupikwa saa ileile ambayo gridi imeelemewa. Je, ni ujinga kupika kwa umeme unaotokana na gesi? Hapana. Jiko la presha la umeme huivisha maharage kwa kama nusu uniti. Hata umeme huo ukitoka kwenye tabaini duni kuliko zote, na tukiongeza upotevu wa njiani, ni kama theluthi moja ya kilo ya hewa ukaa. Kilo moja ya mkaa ikiungua hutoa karibu kilo tatu, bila kuhesabu moshi wa tanuru na mti uliokatwa, na moshi wa jikoni huingia kwenye kifua cha mama na mtoto. Gesi ya saa moja jioni inayoondoa mkaa kwenye jiko la Iringa ina utetezi. Ile inayochomwa saa nane usiku wakati Mtera imejaa haina.

Njia nyingine zipo. Upepo wa Mwenga, Mufindi, megawati 2.4, ulioanza mwaka 2020, umethibitisha kwamba milima hii ina upepo wa kutosha kuzalisha umeme. Jotoardhi ya Ngozi kule Mbeya ikifanikiwa itazunguka saa zote na kuyaacha maji kwa ajili ya jioni. Betri kubwa zimeanza kuchukua nafasi ya mitambo ya gesi ya jioni huko California, na bei yake inashuka. Kwa gridi yetu, nafasi ya kwanza ya betri iwe ile ya kungoja mashine kubwa ikichomoka, ili gesi isichomwe kwa kungoja tu.

Kwa hiyo gesi ibaki, kwa saa chache na kwa miaka ya ukame, na kazi ya kuwaka na kuzima kila jioni zipewe injini na tabaini nyepesi, si mzunguko pacha wa Kinyerezi II. NEMC ipime mitambo hiyo inapowaka, si inapotulia tu, na ipime methani pia. TANESCO na EWURA zitangaze kila siku, saa kwa saa, kila kituo kimezalisha uniti ngapi, pamoja na usawa wa maji wa Mtera, kwa namba ambazo mwananchi anayenunua LUKU anaweza kuzisoma. Kazi hiyo haihitaji mtambo mpya, na inaweza kuanza mwaka huu.